Baba Mkwe, Binti Yako Hataki Joto la Oili Lijulikane

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi kiafya hatujambo. Kiufundi hali ni mbaya, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

KUHUSU: BINTI YAKO KUPINGA MAENDELEO NDANI YA GARI ULILOTUPATIA

Unanijua, Baba. Mimi ni msoma mita za maji, mtu wa namba, si mtu wa maneno. Ulipotukabidhi gari lako ulisema, "Litunzeni." Nimelitunza kupita kiasi. Niling'oa kompyuta ya kiwandani inayoongoza injini, nikaunda nyingine kwa mikono yangu pale sebuleni, na nilipomaliza nikagundua jambo lililoninyima raha: kompyuta yangu ina pini kadhaa za kuchomekea waya zilizobaki wazi. Pini wazi, Baba, ni sawa na chumba kilichojengwa halafu hakikupata mpangaji. Nikaanza kuzitafutia vihisi: cha joto la oili, cha presha ya oili, cha presha ya petroli, cha joto la moshi. Kila kimoja kinapeleka umeme kidogo kwenye kompyuta. Joto likipanda umeme unabadilika, nami nasoma namba kwenye skrini. Badala ya pongezi, binti yako amenifanyia haya:

1. Ananihoji. Nilipofunga kihisi cha kwanza aliuliza, "Joto likipanda utafanya nini?" Nikamjibu, "Nitajua." Akasema, "Halafu?" Baba, hilo ni swali la kumuuliza mume mbele ya jirani?

2. Ananinunia kwa ajili ya vifaa. Kihisi lazima kijaribiwe kwenye barafu, kisha kwenye maji yanayochemka, ili kompyuta ijue baridi ni nini na moto ni nini. Nilitumia birika lake na kipimajoto chake cha kazini. Najua yeye ni mkunga, na najua kipimajoto kile ni cha akina mama waliojifungua. Nilikichagua kwa sababu kinaaminika. Maji yalipochemka kilipasuka. Hadi leo hajaniuliza hata mara moja kihisi kilisoma ngapi.

3. Amemwingiza Mama. Mafundi wengi huviita vihisi hivi "sensa." Mama alipotutembelea nilimweleza kuwa gari lina sensa nne, naye akauliza serikali imeanza lini kuhesabu watu ndani ya magari. Binti yako hakumsahihisha. Alimwambia, "Wewe jibu tu ukweli, Mama, na umri uutaje." Mama alikaa kiti cha nyuma akiitajia dashibodi majina ya watoto wake wote, na wewe ukaandikishwa mkuu wa kaya. Nilisikitika sana.

4. Hili ndilo kubwa. Niliiamuru kompyuta izime injini endapo joto la oili litazidi. Asubuhi moja binti yako akaitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, ng'ambo ya soko. Nikaendesha mimi, kwa kuwa yeye hutazama barabara badala ya skrini. Tulipofika njia panda nikawasha indiketa ya kushoto. Namba ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena, ikifuatana na indiketa, na injini ikazimika katikati ya barabara. Ni kweli maelekezo yalitaka waya wa ethi wa kila kihisi, ule wa kurudishia umeme, urudi kwenye kompyuta yenyewe, nami niliufunga kwenye bodi ya gari, ambako indiketa nayo hurudishia umeme wake, kwa kuwa ndipo mkono ulipofika. Huo ni mjadala wa kitaalamu. Kinachoniuma ni kwamba nilipiga kelele kwa furaha, "Imefanya kazi! Imetuokoa!" na nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Alishabeba mkoba wake na kudandia pikipiki ya mtu asiyemjua. Mtoto alitanguliza miguu, na mama yake anasema mkunga angechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunaongea mengine. Walitoka salama wote wawili, na nimefurahi kwa ajili yao. Lakini injini nayo ilitoka salama, Baba, na sikuona mtu aliyekuja kuipa hongera.

5. Tangu hapo anatangaza mtaani kwamba gari letu halipindi. Nilitafuta suluhu. Nilimwomba, kwa heshima zote, awe anapokea wajawazito wanaoishi kwenye barabara iliyonyooka. Akaenda kufua.

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha familia na utamke kwamba binti yako asiguse bisibisi, na kwamba radhi iombwe. Aidha, kwa kuwa pini moja bado iko wazi, niruhusiwe kufunga kihisi kwenye mlango wa upande wake, kipime kishindo anachoufunga nacho, na kishindo kikizidi injini isiwake mpaka mwenyewe atulie. Naamini ulipokuwa ukimlea ulikitamani kitu kama hicho.

Wasalimie shemeji zangu wote, Shangazi mwenye sauti, yule mjukuu anayeota meno, na jirani yenu wa mbwa wawili.

Ni mimi mkweo mtiifu, nisiye na kosa.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, binti yako amechomoa kompyuta yangu na kurudisha ile ya kiwandani. Soketi ni ileile moja. Amemaliza kabla sijaipata bahasha. Anakuja huko kwenu, wifi yake ameshikwa na uchungu. Gari limewaka papo hapo. Amelijaribu mtaani, akapinda kushoto huku indiketa inawaka na kuzima, na injini ikaendelea kunguruma taratibu, haina wasiwasi na mtu. Baba, sikumbuki lini niliisikia hivyo mara ya mwisho. Nilikuwa natazama skrini. Nimejikuta niko nje na ndara mguu mmoja. Sasa amesimama mlangoni anapiga honi, anasema kama nakuja nipande, ila bisibisi ibaki nyumbani. Nimeiacha. Basi barua hii nitakukabidhi mwenyewe. Ipokee uitie mfukoni bila kusema kitu, na ukikuta jiko limewaka, utajua pa kuiweka.