Malalamiko Juu ya Mtu wa Simuni Aliyeniponyoka na Nusu Dola ya Babu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokusaidia kutoa jarida la chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu. Mimi ni Orrin Leibold, fundi bomba mstaafu wa hapa Wooster, Ohio. Sijawahi kulilalamikia jarida lako, hata lile toleo mlilochapa picha ya tai kichwa chini miguu juu. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, utaniwia radhi.

Jambo lenyewe ni nusu dola ya fedha ya mwaka 1794, ile ya mwanamke wa nywele zilizotimka. Hiyo hiyo moja iliwahi kuwa ya babu yangu Anselm. Aliitoboa ili bibi aivae shingoni, kisha ukame ulipoua mahindi, akaliziba tundu na kuiuza. Tangu ujana wangu nimeifuata kwenye vitabu vya minada, kama mtu anayefuatilia habari za binamu aliyehamia mbali. Mwezi uliopita ikatangazwa kuuzwa Columbus. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu cha mnada kimewataja kwa majina wote walioimiliki: jaji wa Boston, mwenye kiwanda cha bia wa Cincinnati, hata daktari wa meno aliyekaa nayo msimu mmoja tu wa baridi. Babu yangu ameandikwa "mkulima mmoja". Na tundu lake, ambalo ni kazi ya mkono wake mwenyewe, limeitwa "dosari".

2. Nilikwenda na suti yangu ya harusi, ambayo bado inanitosha nikivuta pumzi ndani. Dalali alipoitaja sarafu yetu, ukumbi ulikaa kimya, maana nani anataka kitu chenye kiraka? Nilikuwa naelekea kuipata kwa bei ya kuoneana huruma. Ndipo binti mmoja wa mnada, aliyekaa pembeni na simu sikioni akimnunulia mteja aliyeko mbali, akainua kidole. Nikapandisha bei. Akainua tena. Huyo mtu wa simuni hakufikiri hata nukta moja; sijamaliza kushusha mkono, kidole cha binti kiko hewani. Dalali akaniuliza kwa upole, "Mzee, tuendelee au unapumzika?" Nikamwambia naendelea. Binti akasikiliza simu, akaona haya kidogo, akasema, "Mteja wangu anauliza kama huyo bwana hana kwake." Ukumbi mzima ulicheka, na baadhi yao walikuwa wanachama wetu.

3. Nilipofika bei ya paa jipya, na kusema kweli zilikuwa ni fedha za paa, nikakaa chini. Sarafu ya babu ikaenda kwa mtu asiye na sura. Nyumbani mke wangu, Verna, alikuwa ameniwekea pai ya tufaha. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwani huyo mtu hakuchoka?" Nikasema hakuchoka. Akasema, "Kula, Orrin," akaenda kusugua jiko ambalo lilikuwa safi tayari. Namtaja ili ujue kwamba waungwana bado wapo.

4. Ninapoandika haya, beseni liko miguuni pangu likikinga maji ya mvua. Hili nalo nalihesabu kuwa kosa la mtu wa simuni, ingawa sijapata namna nzuri ya kulieleza.

Kwa hiyo naomba chama kishinikize kila mnunuzi wa simu atajwe jina na mji. Hilo lisipotosha, aletwe ukumbini asimamishwe juu ya kiti, tumwone. Picha yake ichapwe ukurasa wa kwanza. Na kwa kuwa mtu wa tabia hiyo ni hatari nyumbani kwake, kama ana mume au mke, mwenzake aarifiwe kwa barua ya rejista, ajue analala na nani.

Wasalimie wote ofisini, na mpiga chapa pia. Yale ya tai nimeshamsamehe.

Wako katika fedha na haki,
Orrin Leibold

Nyongeza: Nilimpa Verna barua hii aibandike stempu. Akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaketi. "Umemsema vibaya sana huyo mtu," akasema. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la vifungo, na ndani yake nusu dola ya babu.

Anasema alipiga simu ili anipandishie bei mpaka nikate tamaa, nirudi na fedha za paa. "Nilijua yupo mwingine atakayeichukua," akasema. "Nilikuwa namsubiri aingie." Hakukuwa na mwingine, Ndugu Mhariri. Tulikuwa sisi wawili tu, mume na mke, tukipandishiana bei kwa akaunti moja ya benki. Nikamuuliza kwa nini hakuacha. Akafikiri. "Mwanzoni ulikuwa unanikasirisha," akasema. "Halafu ikawa tamu."

Tafadhali futa ombi la majina, la kiti na la picha. La kumwarifu mwenzake limeshatekelezwa. Badala yake nitumie fomu ya uanachama. Jina ni Verna.

Jana aliniwekea sarafu kiganjani. Nikakipapasa kiraka cha babu kwa kidole gumba. Akaniambia niishike kwa kingo, kisha akaniambia zamu yangu imekwisha.