Hisa Zangu na Kiti cha Kiwanda

Jumatatu, 2 Februari
Uchaguzi wa mkurugenzi wa kiwanda cha chai, eneo letu la Boito, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tuko watatu. Kipchoge simhesabu, huyo hata hasemi. Shida ni Muriuki wa duka la mbolea. Amenunulia watu soda pale kituo cha majani. Soda! Mimi nitatoa hisa zangu zote za kiwanda kwa Marafiki wa Chemchemi, kikundi cha Janefer kinacholinda chemchemi yetu. Nani atamnyima kura mtu mkarimu hivyo?

Kiti hicho nakitaka sana. Baba alipeleka majani maisha yake yote, na wakubwa wakamsikiliza kupitia dirishani tu.

Alhamisi, 5 Februari
Nimetia sahihi. Bosire, karani wa hisa, aliniuliza mara mbili kama ni zote. Nikamwambia nusu ni ya waoga. Akataka kuongeza neno. Nikasema nina haraka.

Rodah, mke wangu, ameuliza mbona sikumshirikisha. Nimemweleza kwamba kiongozi huamua. Ameinuka akaondoa vyombo mezani. Nadhani amekubali.

Jumapili, 8 Februari
Nimetangaza kanisani. Makofi! Muriuki mwenyewe alinipa mkono, akitabasamu kupita kiasi. Wivu huo.

Jioni nikashuka chemchemini. Mama alikuwa akinituma hapa nikiwa mdogo, maji yakinifika magotini. Sasa hayafuniki hata viatu. Blugamu zangu, ile mikaratusi pale ukingoni, lakini, zimenona ajabu. Nilihuzunika kweli. Kwa muda nikasahau uchaguzi, nikafurahi tu kwamba nimetoa.

Jumatano, 11 Februari
Balaa! Bosire amepiga simu. Jina langu limeondolewa. Anayegombea lazima awe mwanahisa. Anasema hilo ndilo neno alilotaka kuongeza.

Nikakimbilia kwa Janefer kuomba anirudishie hata hisa moja. Amenikaribisha mursik, maziwa yetu ya mgando, ameniombea baraka, amekataa. Eti mali ya chemchemi si yake kugawa.

Jumamosi, 14 Februari
Muriuki ameshinda. Amempita Kipchoge kidogo tu, na kilichomvusha ni hisa zangu! Janefer alizitumia kumpigia kura kwa niaba ya kikundi, kwa sababu Muriuki ameahidi kukata blugamu zake zote zinazokunywa maji ya chemchemi. Ahadi rahisi hivyo! Mbona mimi sikuiwazia?

Jumatatu, 16 Februari
Muriuki ameanza kukata. Tumekaa nje na Rodah tukisikiliza msumeno. Amesema, bila kunicheka, kwamba hisa zangu zimefanya kazi njema, na sasa ukingoni zimebaki blugamu zetu tu. Nimeguswa. Machozi yalinilenga.

Kisha nikakumbuka: Rodah ana hisa alizorithi kwa babake! Nikimbembeleza aniandikishie, uchaguzi ujao nitakuwa mgombea halali. Kampeni nitaanza mapema, kwa kuzitoa zote kwa Janefer. Safari hii na kwaya. Blugamu sikati. Tutahitaji nguzo za jukwaa.