Mwenye Mashine ya Sangailu

Umma wote ulitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hiyo, mashine yoyote yenye mkanda, meno au kelele itahesabiwa kuwa hatari hadi ofisi iseme vinginevyo, na atakayeishika kwa uzembe ataonja jela. Aliyesoma tangazo hilo sokoni Garissa ni Ahmednoor, Afisa wa Uangalifu wa Mitambo, ambaye hajawahi kuwasha hata pikipiki. Hilo si kosa. Sisi watu wa ofisi tunajua kwamba anayeshika mashine huchafuka mikono, na mikono michafu haifai kutia saini.

Wiki mbili nzima alitunga fomu. Wallahi, ilikuwa na kurasa tisa. Kilichokosekana ni mkosaji, na bila mkosaji cheo alichokuwa akikimezea mate kingekwenda kwa mwingine. Ndipo habari zikaja kutoka kijiji cha Sangailu: mkanda wa injini ya kisima umemvunja mkono mzee Alio. Ahmednoor alisikitika sana, kisha akaita gari.

Injini ile iliendeshwa na Nurto, mama wa watoto wanne. Kifuniko cha mkanda kilikuwa kimeoza tangu mwaka jana. Afisa alimkuta amesimama mbele ya injini iliyozimwa, na nyuma yake mbuzi wanalia kwa kiu.

"Fomu inasema miezi sita," Ahmednoor alimwambia kwa upole. "Lakini usiogope, abaayo, dada yangu. Wewe ndiye wa kwanza. Jina lako litaingia kwenye ripoti."

"Na watoto wangu?"

"Watoto hawamo kwenye fomu."

"Barua tatu niliwaandikia nikiomba kifuniko," Nurto alisema. "Nikaizima mwenyewe. Mkapiga simu, mkasema washa, wageni wanakuja kuona maji."

"Hayo ni mambo ya utekelezaji."

Koplo Sharamo, askari aliyekuja na afisa, alikuwa tayari na pingu na kalamu. Lakini Sangailu, mtu akiumia, hakuna anayeondoka kabla jamaa zake hawajasikizwa. Wakaketi kando ya birika la kunyweshea. Kawaida ya huko ni kwamba anayeumiza hajibu peke yake, jamaa zake hujibu naye, na mnyama akiumiza, anajibu mwenye mnyama. Kwa hiyo hakuna aliyemwuliza Nurto chochote. Mzee Alio, mkono kwenye bendeji, alimgeukia afisa.

"Adeer, mwanangu, ngamia akinivunja mkono, nishtaki mchungaji?"

"Hapana. Mwenye ngamia."

"Sasa hii mashine ni ya nani?"

Ahmednoor aliweka kola yake sawa. Mtumishi wa umma husubiri swali kama hilo maisha yake yote.

"Ya serikali, mzee."

"Na hapa Sangailu serikali ni nani?"

Angeweza kuitaja Nairobi. Angeweza hata kukohoa. Lakini watu walikuwa wengi, wanamtazama yeye tu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Ni mimi," akasema. "Mashine zote za eneo hili ziko chini yangu. Injini haiwaki hapa bila idhini yangu."

"Hata siku ile?"

"Siku ile hasa! Nilipiga simu mwenyewe."

Alio akamtazama koplo. "Umeandika?"

"Nimeandika. Ukurasa wa sita, mwenye madaraka juu ya mtambo." Sharamo akamsogezea karatasi. "Saini hapa, bosi."

Ahmednoor akatia saini. Miaka kumi na miwili ofisini, karatasi ikiwekwa mbele yake, mkono huenda wenyewe. Alipomaliza ndipo akasoma: mshtakiwa ni yeye.

Nurto aliambiwa aende zake. Hakwenda. Alitafuta kipande cha bati, akakifunga juu ya mkanda kwa waya, akawafukuza watu wote mbali, kisha akawasha injini. Mbuzi wakanywa.

Kwenye pikapu ya kurudi Garissa, Ahmednoor alikuwa anaogopa kweli kweli. Alipekua fomu akitafuta pa kutokea. Ukurasa wa tatu: kutojua si udhuru. Wa nne: kutokuwepo si udhuru. Wa tano: cheo hakimwokoi mtu. Mwandiko safi, wake mwenyewe.

"Koplo," akaita. "Na dhamana je?"

Sharamo alilamba kidole, akafunua ukurasa wa tisa.

"Uliifuta, bosi. Umeandika hapa pembeni, eti inawadekeza wakosaji."