Malalamiko Dhidi ya Fyuzi, Fundi na Mpiga Gitaa wa Tura

Klabu ya Dansi ya Mwanga wa Magharibi,
Tabora.
Agosti, 1956

Kwa Bwana Raymundi Shilinde, Mwenyekiti wa Klabu.

Bwana Mwenyekiti,

Pokea kwanza shikamoo yangu uiweke pembeni salama, maana maneno yanayoifuata hayafai kukaa nayo jamvi moja. Anayekuandikia ni Saidi bin Feruzi, Mtunza Vyombo wako, ambaye tangu akabidhiwe ufunguo wa stoo hakuna hata kayamba lililopotea. Kamati inakutana Ijumaa, na Jumamosi tunapiga kwenye arusi ya Sikuzani, binti wa dada yangu Mwamvita. Dada yangu amekwisha kuapa kwamba amplifaya ikizimika mbele ya wakwe, ataiita bendi ya Igunga papo hapo. Hilo likitokea, sitakuwa na uso wa kupita sokoni.

Unakumbuka sanduku lile la amplifaya liliposhushwa kwenye treni ya Dar es Salaam. Nilipolichomeka usiku wa kwanza, zile taa zake ndogo za kioo, ambazo mafundi huziita valvu, ziliwaka polepole, na gitaa likasikika mpaka stesheni. Watu walilisifu wakakauka makoo. Nililipenda, Bwana Mwenyekiti, nami sioni haya kusema. Lakini tangu hapo karibu kila dansi linakata fyuzi, tunabaki na ngoma na kelele za walevi. Walio na makosa ni hawa wafuatao.

1. Fyuzi yenyewe. Naambiwa kwamba fyuzi ni uzi mwembamba uliofungwa ndani ya kioo, ambao kazi yake ni kukatika umeme ukizidi, ili mashine isiungue. Yaani tumeajiri mlinzi anayekufa kabla mwizi hajafika, kisha tunatakiwa tumshukuru na kuajiri mwingine. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, na mzigo ulipomlemea alihamisha bega. Hakujilaza njiani akawaambia wenzake kwamba yeye ameungua, wamtafutie mwingine wa kuchomeka mahali pake. Fyuzi hii haikulelewa na Wanyamwezi.

2. Fundi Selemani, mwenye duka la redio karibu na soko. Huyu hawezi kukohoa bila kutukumbusha kwamba alijifunza redio jeshini, Burma. Alianza kwa kuzichomoa valvu moja moja, kila akichomoa anatia fyuzi mpya na kusikiliza kama mganga. Akabadilisha waya. Akabadilisha soketi ya ukumbini. Mwishowe akalihamishia sanduku dukani kwake, akaliwasha wiki nzima kutoka asubuhi hadi jioni. Halikukata hata mara moja. Akaturudishia, akatamba kwamba limepona. Jumamosi yake, kabla wimbo wa kwanza haujaisha, tulikuwa tumezimika.

Alipoitwa tena alilifungua, akapitisha kidole ndani, akaniambia: "Bwana Saidi, chombo hiki kinalowa."

Kinalowa! Mwezi wa Agosti, Tabora, ambako vyura wamekwisha kuhama na ng'ombe wa kule Choma wanalamba matope yaliyokauka! Nilimuuliza kama huko Burma walimfundisha kutafuta mvua ndani ya masanduku. Akanijibu nikaangalie paa. Nimeliangalia. Ni kweli lina matundu, lakini tundu bila mvua ni dirisha tu.

Basi nikamwomba, kwa upole kabisa, aitoe fyuzi na kuweka msumari mahali pake, kwa kuwa msumari ni chuma na chuma hakina woga. Akanikodolea macho akasema: "Ukiweka msumari itaungua transfoma, na transfoma ikiungua, tafuteni ukumbi mwingine." Hayo ni matisho ya mtu aliyeshindwa kazi.

3. Marko, mpiga gitaa. Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nakuomba usisome haraka. Kijana huyu alitoka Tura, ambako alikuwa akigongea reli na baba yake Masele, akaiacha kazi hiyo ya maana ili aje kucheza na nyuzi. Alijiunga nasi wiki ileile baada ya usiku wa kwanza wa amplifaya. Usiku wa kwanza hayupo, fyuzi nzima. Wiki ya pili yupo, fyuzi imekatika. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya giza ni Marko.

Nilipomweleza hayo hakukasirika, jambo ambalo kwangu ni ushahidi zaidi. Alisema hivi: "Mzee Saidi, siku nyingine inakata hata gitaa sijalishika. Mimi nitaikata kwa macho?" Nakuomba kamati iandike maneno hayo, maana amejihukumu kwa kinywa chake. Mtu anayekata fyuzi kwa kulipiga gitaa ni mpigaji mbaya. Anayeikata kabla hajaligusa ni mtu wa kuogopwa.

Kama bado una shaka, kumbuka usiku ule Marko alipolala na homa, na Bernardo wa saksafoni akashika gitaa. Bernardo alilipiga kama anayepepeta mchele. Wanawake wawili walitoka nje wakacheka. Lakini amplifaya, Bwana Mwenyekiti, iliwaka kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, wala haikukonyeza. Sasa fundi atuambie: usiku ule mvua ilikuwa imekwenda wapi?

Watanijibu kwamba watu huja kumsikiliza Marko. Ndiyo, huja, na huondoka hawajamsikia, kwa sababu umeme umekatika. Faida yake iko wapi?

4. Mama yake Marko, Bi Apolinaria. Mama huyu alipanda treni kutoka Tura na kikapu cha karanga, akakaa mstari wa mbele kumsikiliza mwanawe kwa mara ya kwanza. Amplifaya ikazimika. Marko akaendelea kupiga gitaa ambalo halikusikika hata kwangu niliyesimama karibu naye, na mama akapiga makofi mpaka mwisho, peke yake, machozi yakimtoka. Baadaye akaniambia ameusikia wimbo wote. Huu ni upendeleo wa kifamilia, nao unawafundisha vijana uongo. Karanga zake nilizila, zilikuwa nzuri, lakini hazikunibadilisha msimamo.

Kwa hiyo naomba kamati iamue kama ifuatavyo. Marko afukuzwe Ijumaa na apandishwe treni ya kurudi Tura, akagongee reli, ambazo hazina fyuzi. Kwa kuwa hatujui mkosi wake unafika umbali gani, mtu yeyote wa Tura asiingie ukumbini siku ya dansi. Tena, kwa kuwa mkosi unaweza kusafiri kwa treni, Bwana wa Reli aandikiwe barua ili siku za Jumamosi treni ipite Tura bila kusimama. Abiria wake watazoea. Fundi Selemani asilikaribie tena sanduku. Na mimi niruhusiwe kuweka msumari, ambao nimekwisha kuuchagua.

Najua utamhurumia kijana. Hata mimi ninamhurumia, hasa akicheka. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sitaki kulia kwenye arusi ya mpwa wangu.

Wasalimie wanakamati wote, wanaonipenda na wanaojifanya. Msalimie mama wa nyumbani Bi Katarina, na watoto, na jirani yako mwenye ule mguu. Hata Selemani msalimie ukikutana naye, ila usisimame.

Ni mimi, niliyechoka bila kushindwa,
Saidi bin Feruzi,
Mtunza Vyombo.

Nyongeza: Nilitaka kusahau haja moja ndogo ya stoo. Naomba klabu ininunulie marashi, chupa ile kubwa. Unajua kwetu mgeni wa heshima haachwi mkavu, na tangu watu walipolisifu sanduku letu vile usiku wa kwanza, ninaogopa macho yao. Ndiyo maana kila dansi, wapigaji wakiwa bado wanavaa, nachukua mrashi wa marehemu mama yangu nikalinyunyizia utosini, pale penye vitundu, mpaka linukie lote hadi ndani. Nimekosa mara moja tu, usiku ule wa Bernardo, marashi yalikuwa yamekwisha, nikaona aibu kubwa. Jumamosi ni arusi ya damu yangu, na Marko hatakuwepo kutuharibia. Nitalimwagia chupa nzima.