Mtoto wa Kupakatwa Hahesabiwi

Jumatatu, 4 Agosti

Kijiko ameibusu simu sasa hivi. Ameishika kwa mikono miwili, akaijaza mate kioo chote, akaiita baba. Baba mwenyewe yuko hapohapo kwenye kochi, mikono ameinyoosha, tabasamu limemgandia usoni. Alipomsogelea tu, mtoto akaangua kilio na kuja kujificha nyuma ya goti langu, na kijiko chake mkononi. Ndiyo maana tunamwita hivyo. Hakiachi hata akilala.

Daftari hili alinipa nesi wa kliniki niandike maneno anayoyajua mtoto. Ana mwaka na miezi minne. Mpaka leo maneno ni matatu: maji, tata (yaani hataki), na baba. Hilo la tatu lina kasoro. Mume wangu ni fundi wa minara ya simu, huko mbali wanakopanda milima na vyuma mgongoni. Aliondoka mtoto ana wiki sita. Amerudi mara mbili, siku mbilimbili. Kwa hiyo Kijiko anajua baba ni kitu chembamba, cheusi, kinachowaka na kusema haloo haloo, nani anaongea.

Sasa kampuni imempa zawadi ya wiki moja kwenye fleti ya ufukweni. Yeye na mwenzake. Nikasema Mungu si Athumani. Wiki nzima uso kwa uso! Mpaka Jumapili lazima mtoto amwite baba yake baba. Akirudi mnarani hajaitwa, nitamtazama kwa macho gani?

Shida ni fomu. Niliijaza mimi. Waliuliza wageni wangapi, nikaandika wawili. Kwenye basi mtoto wa kupakatwa hahesabiwi, nani asiyejua? Leo tumefika getini, nikaona karatasi imebandikwa ukutani: WATOTO HAWARUHUSIWI. Kulikuwa na maneno mengine chini yake lakini sikuyasoma, macho yalikuwa yameshamrudia mtoto.

Mume wangu akasema tukaseme ukweli. Nikamkanyaga. Tukifukuzwa leo, hiyo wiki tutaipata wapi? Mtoto alikuwa amelala. Nikamwingiza ndani ya sweta langu kubwa, nikaingia nimeshika kiuno.

Msimamizi ni mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, anatembea analia kama mbuzi mwenye kengele. Nimempa jina Mama Funguo. Alinitazama tumbo, akaniambia pole mwanangu, panda ngazi taratibu. Nikapanda taratibu. Ghorofa ya pili. Bahari yote unaiona. Sikuiona.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala vizuri. Kila nikisikia funguo natoa jasho.

Mpango wa leo: kikapu. Mtoto chini, taulo juu, tunateremka kwenda ufukweni kama watu wasio na shida. Mama Funguo alikuwa anafagia ngazi. Akauliza kikapu kizito hivyo kina nini. Nikasema tikiti maji. Tikiti likapiga chafya. Nikamwangalia mume wangu. Akachelewa, kisha naye akapiga chafya yake, ya uongo kabisa, kama mtu anayeita ng'ombe. Mama Funguo akasema afya, mwanangu. Akaendelea kufagia. Hakujua lolote, nina hakika.

Ufukwe ni mzuri jamani. Mchanga mweupe, maji yanakuja taratibu yanalamba vidole. Ningefurahi kama roho isingekuwa mkononi.

Baba Kijiko akamjengea mtoto nyumba ya mchanga. Mtoto akaivunja. Akamchotea maji. Mtoto akasema tata. Akamwomba kijiko aangalie tu. Jambo hilo lisirudiwe tena.

Nikabuni kitu. Nikamwambia mume wangu ajifiche nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo apige simu, nami niweke sauti juu. Akapiga. Haloo haloo, nani anaongea? Kijiko akacheka mpaka akakaa chini. Nikampa ishara mume wangu ajitokeze akiwa anaongea, ili mtoto aone kumbe ni mtu mmoja. Akajitokeza. Mtoto akamtazama kama mwizi aliyemmeza baba yake. Akaikumbatia simu, akalia mpaka watu wakageuka.

Baba Kijiko alikata simu. Alirudi kukaa, akaanza kufukia miguu yake mwenyewe mchangani.

Jumatano, 6 Agosti

Ninaye adui. Fleti ya mkabala kuna mama mmoja wa makamo na mume wake bubu. Si bubu kweli, ila mkewe hampi nafasi. Mama huyo ana kofia mbili pana kama ungo, moja ya njano, moja nyeupe. Kila asubuhi anatangulia ufukweni, kiti kimoja anaweka kofia, cha pili anaweka pochi, na kivuli kizuri chote kinakuwa chake. Mwenye Kofia huyo.

Leo saa nne akagonga. Akasema, mdogo wangu, nasikia kitu kidogo kinalia humu. Nikasema paka. Neno lilinitoka lenyewe. Akasema loo, paka mwenyewe anaonekana ana njaa. Akaenda, akarudi na maziwa kwenye kisahani. Nikafunga mlango. Kijiko akanywa yote na kulamba kisahani. Nikaanza kumpenda yule mama kidogo.

Mchana Mama Funguo akaja. Amesikia habari za paka. Paka pia hawaruhusiwi. Nikasema paka ameshaondoka zake. Akauliza, sasa nani analia? Maana Kijiko alikuwa ameanza tena chumbani, anataka simu. Nikafikiri haraka. Nikasema ni mume wangu, ana huzuni ya kazi.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na glasi ya maji.

Mama Funguo akamtazama. Akatoa leso yake mfukoni, akampa. Akamwambia baba, lia tu, kulia si dhambi. Baba Kijiko akaipokea. Afanyeje? Akajipangusa jicho moja. Alipoondoka yule mama, mume wangu akaniambia amepanda minara ambayo ndege wenyewe wanaizunguka, na hajawahi kuogopa kama leo. Akaniuliza tutaishi hivi mpaka lini. Nikamwambia mpaka Jumapili.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa na bado naficha.

Maneno ya mtoto: yaleyale matatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo sijui nianzie wapi. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi mume wangu alikwenda dukani kununua mkate. Nikasikia funguo kwenye ngazi. Mama Funguo analeta mashuka safi. Kikapu kilikuwa kimelowa, sweta nimelianika. Nikampeleka mtoto kwenye balkoni na kijiko chake, nikavuta pazia. Dakika moja tu, nikajiambia. Nipokee mashuka, niseme asante, basi.

Mama Funguo akaanza maongezi. Mara shuka hili lina alama, mara bahari leo imechafuka. Mimi naitikia ee, ee. Nje kimya. Kimya cha mtoto unakijua. Halafu yowe.

Nilivuta pazia mpaka likakatika. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kimepita katikati ya nondo za ukingo wa balkoni. Mwili upande wangu, kichwa upande wa nje, na chini kule ni sakafu ya saruji. Kijiko kimeshaanguka. Nikamvuta. Masikio yakakwama. Akapiga kelele zaidi. Nikamwacha, nikamshika kiuno, nikapiga kelele mimi. Nikaita, Mama Funguo, mtoto wangu, mtoto wangu anakufa! Kwa sauti yangu yote. Siku tatu nilizoficha ziliisha kwa neno moja.

Akaja mbio, funguo zinapiga kelele. Mwenye Kofia akaja. Hakuna aliyeuliza mtoto ametoka wapi.

Kijiko alikuwa anajirusha. Kila akijirusha nondo zinambana shingo. Mama Funguo akasema asipotulizwa atajiumiza, mnyamazisheni kwanza. Nikaimba. Nikaomba. Nikasema simu, leteni simu. Simu zote mbili alikuwa nazo baba yake.

Naye alikuwa pale chini. Nilimwona amesimama uani, mkate umemwanguka. Mtunza bustani alikuwa na ngazi ndefu ya kukatia matawi. Baba Kijiko aliichukua bila kuomba, akaiegemeza ukutani, akapanda. Sijawahi kumwona kazini. Alipanda kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Akafika, uso wake ukawa mbele ya uso wa mtoto, huko nje, kilipo kichwa tu.

Kijiko akamwona, akazidi kulia.

Basi mume wangu akasema, polepole, kama anavyosema siku zote kutoka huko mlimani: "Haloo. Haloo. Nani anaongea?"

Mtoto akanyamaza.

Akasema tena. Haloo, nani anaongea? Kijiko akatazama mdomo wake. Akautoa mkono katikati ya nondo, akamshika midomo, akaingiza kidole mdomoni kuangalia sauti inatoka wapi. Mume wangu hakufunga mdomo. Machozi yanamtiririka, ya kweli safari hii.

Kijiko akasema, baba.

Mama Funguo ndiye aliyefanya kazi wakati sisi tunalia. Alipaka sabuni ya vyombo kwenye masikio na nondo, akakigeuza kichwa upande, akakirudisha mara moja, kama mtu anayetoa pete. Kijiko akanirudia ananukia ndimu. Masikio mekundu, basi. Mwenye Kofia alikuwa amenishika mabega muda wote. Kofia ya njano ilianguka chini, hakwenda kuiokota.

Watu walipoondoka nilikaa sakafuni bafuni. Mimi ndiye niliyemweka pale. Si nondo, si karatasi ya getini. Ni mimi.

Maneno: maji, tata, baba. Hilo la tatu halina kasoro tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilifunga mizigo alfajiri. Nikakaa juu ya begi kungoja kufukuzwa. Bora kuondoka na heshima iliyobaki, ingawa sikuiona popote.

Mama Funguo akaja saa tatu, akauliza mnakwenda wapi. Nikaanza kuomba radhi. Akanishika mkono mpaka getini, akaniambia nisome karatasi yote. Nikasoma. Watoto hawaruhusiwi ghorofani. Wenye watoto watapewa chumba cha chini. Akaniambia ni kwa sababu ya nondo zile. Mwaka juzi mtoto mwingine alikwama vilevile. Chumba cha chini kina bustani yake, na tangu Jumapili kiko kitupu.

"Ungeniuliza tu, mwanangu," akasema.

Nikamuuliza, kumbe alijua? Akacheka mpaka funguo zikacheka naye. Akasema Jumatatu nilikuja na mimba ya miezi tisa, Jumanne sina, akajua nimejifungua salama. Lakini alidhani mtoto haachwi balkoni peke yake, hawezi kuwa na mama asiye na akili kiasi hicho. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Hapo hakucheka. Akasema jana alijilaumu kungoja.

Mwenye Kofia naye akasema hajawahi kusikia paka anayeomba maji kwa jina. Ameniachia kile kivuli kizuri. Leo, baada ya kuhamia chumba cha chini, nilikaa hapo. Kijiko akiwa mabegani kwa baba yake, anampiga kichwani na kijiko kipya alichopewa na Mama Funguo.

Mume wangu ameniapisha. Nimeapa mbele yake na mbele ya bahari: sitamficha mtoto tena, popote, kwa yeyote. Mama Funguo akaongeza kwamba akija mtu mwingine yeyote nimwambie, hakatai, anataka kujua tu. Nikasema ndiyo mama, nimejifunza.

Jumamosi, 9 Agosti

Simu iliita asubuhi, Kijiko akaitazama, akasema tata. Nikaandika haraka. Hiyo ni siku kubwa.

Aliyepiga ni mama mkwe. Maisha yake yote hajaoga baharini. Anaomba aje alale usiku mmoja tu amwone mwanawe kabla hajarudi kazini. Nimkatalie vipi?

Nilitaka kumwambia Mama Funguo. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Halafu nikafikiri: ametufanyia mengi, kwa nini nimsumbue? Tena kiapo changu kilikuwa cha kutomficha mtoto. Mama mkwe si mtoto. Na ni mwembamba, anakula kidogo, anaamka kabla ya kuku. Mtu kama huyo kwenye basi wanamsogezea tu.

Mpango safari hii ni salama kabisa, hauna ngazi wala nondo. Mama mkwe ana urefu sawa na Mwenye Kofia. Nimeazima kofia ya njano, nikasema nalinda ngozi. Mume wangu amempelekea kituoni akarudi kumlaza mtoto, anadhani ni zawadi na kwamba nimeshaomba ruhusa. Saa tisa Mwenye Kofia huwa amelala. Mama mkwe ataingia getini ameinamisha kichwa, hasalimii mtu, akunje kushoto, yuko ndani. Nani atajua? Nimehesabu hatua, ni ishirini na sita.

Sasa ni saa tisa na dakika tano. Kimya. Kijiko amelala kifuani kwa baba yake bustanini, mdomo wazi wote wawili. Nasikia funguo. Mama Funguo ananiita. Anasema nitoke upesi, Mwenye Kofia amekwenda sokoni leo, ndiyo kwanza anarudi, na getini amekutana na Mwenye Kofia mwingine, na huyo mwingine anasema yeye ni mama wa... Ngoja nitoke.