Wageni wa Jumatano

Jumatatu, 3 Juni

Mama ametangaza leo wakati wa chai. Magoti yamechoka, kusimama getini hawezi tena. Jumapili atakabidhi kengele. Ni ya shaba, ilikuwa ya marehemu Baba, na anayeishika ndiye anayefungua geti, kuwapokea wageni na kuwaingiza kwenye matuta ya stroberi wachume wenyewe. Siku sita kwa wiki. Jumatano tunafunga, matunda yapumue na sisi tumwagilie kwa nafasi.

Nani apewe? Swali gani hilo! Mimi ndiye kifungua mimba. Nina miaka arobaini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo nimeimalizia hapa, mgongo juu, uso chini. Lakini Mama anasema atasoma kwanza kitabu cha wageni, kile kikubwa kilicho kwenye meza ya getini, chenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Wageni wenyewe watamwambia nani anafaa. Akamtazama Shemeji. Nimemwona.

Shemeji ni mume wa dada yangu mdogo. Alikuja miaka mitatu iliyopita, hajui stroberi inaning'inia mtini au inachimbwa ardhini. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu ya kwake aliikata siku ya kwanza. Wageni wamempa hata jina: Bwana Karibu.

Nimepitia kurasa zote za mwezi uliopita. Bwana Karibu katajwa mara kumi na nne. Mbwa mara sita. Mimi mara moja: "Kuna mtu wa kwenye tangi la maji alitufokea." Sikufoka. Nilisema kwa sauti wasikanyage mpira wa maji.

Sina kijicho. Naandika tu yaliyopo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeichunguza siri ya Shemeji. Ni kicheko. Anacheka kabla mgeni hajasema kitu. Basi nami nikafanya mazoezi kwenye banda la kupakia, nikijitazama kwenye ndoo ya maji, mpaka Dada akaja kuuliza kama nimemeza inzi. Saa nne nikajaribu kwa familia ya kwanza. Mtoto wao akaangua kilio. Baba yake akaniuliza, kwa adabu zote, Bwana Karibu yuko wapi.

Mchana akaja bibi mmoja na mkongojo wake. Akasimama katikati ya tuta la saba. Kuinama hawezi, kuondoka hataki, nyuma yake foleni ya watu. Nikamchukulia kikapu nikamchumia mwenyewe, ili njia ifunguke. Nilimpa zile zinazojificha chini ya majani, nyekundu mpaka shingoni, kwa kuwa mkono wangu unajua kwenda huko wenyewe. Neno sikusema. Kicheko kilikuwa kimeniishia.

Alipotoka akaenda kwenye kitabu. Ukurasa wa mbele ulikuwa umejaa, akaugeuza, akaandika nyuma yake kwa muda mrefu. Bila shaka Bwana Karibu huyo.

Jumatano, 5 Juni

Geti limefungwa. Shamba kimya. Mama kapumzika, Dada na Shemeji wako tuta la kumi wanakata vikonyo vinavyotambaa, huku wanacheka. Hata vikonyo vinawachekesha. Nimebaki mimi na kitabu.

Kwanza nimeichana karatasi ya jana. Upande wa mbele ni Bwana Karibu, Bwana Karibu, Bwana Karibu, na mmoja kamchorea ua. Upande wa nyuma sikuusoma, nilishashiba. Nimeikunja mara nne nikaisokomeza chini ya meza ya mizani, kwenye ule mguu mfupi. Meza haichezi tena. Angalau sifa za Shemeji zimefaa kitu.

Kisha nimeandika. Wageni watano, miandiko mitano. Mmoja kwa mkono wa kushoto, mmoja kwa herufi kubwa tupu, mmoja mlalo kama cheti cha daktari. "Kaka wa tangi ni mtu wa watu." "Tulifuata stroberi, tukamkuta yeye." "Mbwa wenu ni mzuri, lakini kaka mkubwa anamzidi." Hii ya mwisho nimeirudia mara kadhaa, ni tamu. Na kila mmoja nimemwekea siku na tarehe yake, safi, kama nifanyavyo humu. Mtu wa shajara haachi maneno yakizurura bila tarehe.

Ijumaa, 7 Juni

Mama amekaa na kitabu baada ya kula. Akasoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Akafunua kurasa mbele na nyuma kama anayetafuta kitu. Kisha akaniangalia muda mrefu. Nadhani ameguswa.

Hata hivyo, mtu mzima hategemei kamba moja. Kesho linakuja basi zima la walimu. Hapa tuna utaratibu wetu: tuta lililoiva linachomekwa kijiti chenye kitambaa chekundu, ambalo bado linachomekwa cheupe. Shemeji anafuata vitambaa kama kondoo. Jioni hii nimevibadilisha. Tuta la nne, bichi kabisa, lina chekundu. La tano, linalong'aa kwa kuiva, lina cheupe. Kesho Bwana Karibu atawaingiza walimu kwenye uchachu mtupu. Tukione hicho kicheko.

Jumamosi, 8 Juni

Amecheka.

Aliingia nao, akaona matunda ya kijani, akachukua pumzi moja, akacheka. Akawaambia wana bahati, maana wageni wengi huona tunda tu, lilikotoka hawapajui. Akawaonyesha ua, akawaonyesha nyuki, akawaonyesha kitunda kichanga kidogo kama ushanga. Walimu wakatoa madaftari! Wamemwuliza maswali saa nzima. Kitabuni wamemwandikia kurasa mbili na nusu, na mwalimu mkuu wao kamwomba aje kufundisha.

Mimi nikapiga kelele kuliko wote, nani kachezea vitambaa. Mama akasema kwa vile jambo hili limeniuma kiasi hicho, basi tuta la tano nilichume mimi, lote, peke yangu, kabla halijaoza, liende kwenye jamu. Mita themanini. Mgongo haunyooki. Shemeji akaja na kikapu kunisaidia, nikamfukuza. Akarudi na maji ya kunywa. Nimeyanywa, lakini sikushukuru. Mtu mbaya sana yule.

Jumapili, 9 Juni

Mama ametuita jikoni. Kengele mezani, imesuguliwa mpaka inaonyesha sura. Kitabu pembeni. Nilivaa shati la kola na nilikuwa nimetayarisha maneno mafupi ya shukrani.

Amezisoma sifa zangu zote tano kwa sauti, taratibu, pamoja na tarehe. Dada akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Mama akafunga kitabu.

"Mwanangu, hawa wageni wako wa Jumatano walipitia wapi? Waliruka uzio?"

Nikasema labda walikosea siku. Akauliza, wote watano? Hapo Shemeji akadakia kwamba pengine ni yeye aliyesahau geti wazi siku hiyo, lawama zije kwake. Ananitetea! Mbele ya mama yangu mzazi! Sijawahi kumchukia kama wakati ule.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema wale watano yeye hakuwahitaji kabisa. Jumanne jioni alikuwa ameshasoma maneno ya bibi mmoja wa mkongojo, akaamua hapo hapo.

"Kengele ilikuwa yako tangu Jumanne. Nilitaka tu niwasomee wenzako ile karatasi. Nimeitafuta, siioni."

Nikaangalia dari. Mama akangoja niseme kitu, nami nikaendelea na dari. Mwishowe akasema anayeshika kengele ndiye mtu wa kwanza ambaye mgeni anamwamini, na njia ya mwongo ni fupi. Akaisukuma kwa Shemeji. Shemeji hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona hivyo, na hata hiyo haikunifurahisha.

Nimekwenda bandani. Nimeinua meza ya mizani, nimekunjua karatasi. Upande wa nyuma, mwandiko unaotetemeka:

"Kijana mmoja hakuniambia neno. Aliona siwezi kuinama, akainama yeye. Akanichumia zilizojificha, ambazo mwenye haraka hazioni. Tangu mume wangu aondoke hakuna aliyenichumia kitu. Huyu ndiye mwenye shamba."

Nimelia. Nilisema naandika yaliyopo, basi na hili lipo. Nimelia mpaka mbwa akaja kukaa miguuni.

Jumatano, 12 Juni

Geti limefungwa. Tangu Jumatatu kengele inalia saa mbili kamili na Shemeji anaipiga vibaya, anaikimbiza. Jana alinong'ona kwamba nikitaka niwe naipiga mimi asubuhi, yeye apokee wageni tu. Nikamwambia sihitaji huruma ya mtu.

Siku tatu hizi nimejihoji kama mtu mzima, bila hasira. Nimelipata kosa langu, na kulikiri si aibu. Bibi yule alikuwa mmoja. Bibi mmoja anapotea kirahisi. Laiti wangekuwa wengi, asingekosekana wa kusomwa Jumapili.

Kwa hiyo leo, wakati wenzangu wako kwenye vikonyo, nimeyanakili maneno yake kitabuni mara sita. Mabibi sita, wote na mikongojo, wawili kati yao wa mkono wa kushoto. Na safari hii sikuandika Jumatano, mimi si mjinga. Nimeandika Alhamisi, tarehe ya kesho.

Karatasi yenyewe nimeirudisha chini ya mguu. Meza ilikuwa imeanza kucheza.