Jenereta ya Papa Maliro

Jumatatu asubuhi, katika ua wa nyumba aliyopanga huko Bungulu, mjini Beni, Phinées aliitazama jenereta ya baba mkwe wake mtarajiwa, akaona mbuzi.

Si mbuzi mmoja. Kumi na wawili, wenye afya na ndevu, wakiingia kwa mstari uani kwa Papa Maliro kule Butembo siku ya Jumamosi, na yeye Phinées nyuma yao ndani ya suti ya buluu. Hiyo ndiyo mahari aliyotajiwa. Papa Maliro alikuwa amekataa bahasha ya pesa. "Bahasha haiko inalia," alisema, "nitajua aje kama iko muzima?" Alitaka mbuzi wa miguu minne, mbele ya ukoo mzima, kama alivyotoa yeye mwenyewe kwa wakwe zake.

Phinées hakuwa na mbuzi. Hakuwa hata na kamba. Alikuwa na suti ya kuazima, simu mbili, na ulimi ambao nusu ya mji wa Beni ilishaulipia kwa namna moja au nyingine. Na alikuwa na Hadassa, binti wa Papa Maliro, au tuseme angekuwa naye Jumamosi. Alimpenda kweli. Hilo nalisema kwa kiapo, maana kwa muda mrefu hapa hamtapata neno lingine la kweli juu yake.

Jenereta nayo ilifikaje Bungulu? Siku ya kujitambulisha ukweni, Phinées alijitambulisha kama enjinia. Papa Maliro, mtu wa kuheshimu vyeo, akamkabidhi jenereta yake, ambayo ilikuwa ikiwaka dakika kumi na moja, inakohoa, kisha inazima. Mafundi wanne wa Butembo walishaifungua, wakaifunga, wakachukua pesa zao na kwenda. "Mukwe yangu, ipeleke Beni, utaniangalilia polepole," mzee alisema.

Sasa fuateni hesabu ya Phinées, maana ni nzuri mno. Jenereta inauzwa. Inageuka mbuzi. Mbuzi wanapelekwa kwa Papa Maliro. Papa Maliro anaambiwa kwamba jenereta inangojea kipuri kutoka Kampala, mji unaofaa sana kwa kungojea vitu. Kwa hiyo mzee analipwa mahari ya binti yake kwa mali yake mwenyewe, na hakuna anayelia. Ukiiangalia kwa jicho la Phinées, haukuwa hata wizi. Ulikuwa mzunguko wa uchumi.

Akaingia kwenye kundi la WhatsApp la kuuza vitu vya okazyo, yaani vilivyokwisha tumika, Beni na Butembo, watu mia tatu. Kwanza, kwa uangalifu wa mtu wa kazi, alipitia majina yote. Papa Maliro hayumo, simu yake ni ile ya tochi. Kaka za Hadassa hawamo. Akapiga picha jenereta, ambayo kwetu huitwa groupe, akaandika: "Groupe ya occasion, nguvu mingi, ilitumikaka kwa misa tu. Mwenyewe anasafiri."

Wanunuzi wa mtandaoni ni taifa la pekee. Wa kwanza aliuliza "Iko?" akatoweka milele. Wa pili alitaka kubadilishana na gitaa na nusu ya kitanda. Wa tatu, kabla hata bei haijatajwa, alituma ujumbe wa malipo alioutunga mwenyewe kwenye simu yake. Phinées, aliyewahi kuishi miezi miwili kwa ujanja huohuo, alihuzunika kuona kazi ikifanywa ovyo namna ile.

Wa nne alikuwa na picha ya gunia la viazi badala ya uso, na hakuandika. Alituma sauti, salamu kwanza.

"Wabukire. Niko Alimbongo, ninalimaka viazi. Iyo groupe ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Yako kabisa?"

"Mama, vraiment! Niliinunua na jasho yangu."

"Jasho inakaukaka. Utaandika kwa karatasi kama ni yako?"

"Hata mara tatu, Mama."

"Bon. Makuta, pesa ya mukononi, sina, mais niko na mbuzi. Kumi na mbili inakutosha?"

Phinées aliweka simu chini akazunguka ua mara mbili. Hakuwahi kuwa mtu wa kusali Jumatatu, ila siku hiyo alipiga ishara ya msalaba. Kisha akarekodi, kwa sauti ya mtu anayeumia, kwamba kumi na wawili ni wachache, lakini kwa sababu Mama ni mkulima, atajitoa sadaka.

"Wasingya," alishukuru Mama wa Viazi. "Sasa iwashe nione. Weka na maharagwe kwa moto pembeni. Maharagwe ikiiva na groupe haijazima, ninanunua. Ikizima mbele, ubaki nayo."

Kwa wasiopika: maharagwe makavu ya kwetu yanataka saa tatu. Jenereta ilikuwa na dakika kumi na moja.

Kwa mjanja, hilo ni jambo dogo. Phinées aliteleka sufuria, akaficha simu yake ya pili nyuma ya jenereta, simu ambayo alikuwa amerekodia jenereta ya kinu cha jirani, akapiga simu ya video. Mngurumo ulijaa uani.

"Inalia muzuri," alisema Mama. Picha yake ilikuwa dari tu na ncha ya kitambaa cha kichwa. "Sasa weka gilasi ya maji juu yake."

"Gilasi ya nini, Mama?"

"Ya maji. Niko na kiu ya kuona."

Phinées aliweka glasi. Jenereta ikanguruma. Maji yakatulia kama maji ya kubatizia.

"Maji yako iko na amani sana," alisema Mama wa Viazi. "Groupe inapiga kelele namna ile na maji inalala?"

"Ni... ni modèle mupya, Mama. Haiko inatikisa."

"Nakupa mpaka siku ya tatu, mutoto yangu. Maji itikisike."

Mtu mwingine angemfungia namba. Lakini mbuzi kumi na wawili walikuwa wamesimama kati ya Phinées na Hadassa, na wote walikuwa wa mama huyu. Basi Jumanne Phinées alifanya jambo ambalo halikuwa katika mpango wowote. Alivua shati, akaifungua jenereta, akaanza kazi.

Hapa niwaambie siri. Zamani, kabla hajagundua kwamba grisi haitoki kwenye kola, Phinées alikaa miaka miwili katika gereji, na mikono yake haikuwa imesahau. Alisafisha kabureta hadi ikang'aa. Aligundua kwamba mafundi wote wanne walibadilisha bujii, ile plagi ya kuwashia, na hakuna hata mmoja aliyetazama pete za pistoni, ambazo zilikuwa zimekwisha, hivyo jenereta ikipata moto tu nguvu zinavuja. Akauza simu yake ya pili, akanunua pete mpya. Jua lilipokuwa linainama alivuta kamba, jenereta ikawaka, na akakaa juu ya kopo la rangi akaisikiliza kwa saa nzima. Alijisikia vizuri kwa namna asiyoielewa. Alidhani ni njaa.

Jumatano maharagwe yalipikwa. Ilichukua muda wa saa tatu na robo. Maji yalitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, na Mama wa Viazi hakutoka kwenye simu hata dakika moja. Mara aliagiza moto upunguzwe, mara chumvi isubiri kwanza. Mwishoni alisema, "Onja." Phinées akaonja. "Imeiva?" Ilikuwa imeiva. "Donc tunaandika acte de vente, karatasi ya kuuzisha."

Siku ya Ijumaa, kwenye maegesho ya malori Butembo, jenereta ilifika imefunikwa turubai kama bibi harusi, maana huo ulikuwa mji wa Papa Maliro. Lori la Alimbongo liliendeshwa na Jumaine, msafirishaji asiyependa maneno mengi, na nyuma walikuwemo mbuzi kumi na wawili.

"Mama anasema usaini hapa," alisema Jumaine. "Na hapa. Na kipande yako ya électeur, ile ya kupigia kura, nipige foto. Shahidi yako iko wapi?"

Shahidi alikuwa Sadrack, rafiki wa Phinées na mshirika wake katika mambo mengi ya kusikitisha. Alisaini kama mjomba. Karatasi ilisema wazi: mimi Phinées, mwenye groupe hii, mali yangu mimi peke yangu, nimeiuzisha kwa mbuzi kumi na mbili. Phinées alimtazama Jumaine akipakia jenereta, akamhurumia kidogo yule mama mwenye mashaka mengi. Mashaka yote yale, na bado amenunua mali ya mtu.

Jumamosi mchana ua wa Papa Maliro ulijaa viti. Mbuzi waliingia kwa mstari, kama alivyowaona Jumatatu. Msemaji wa familia aliwahesabu mara mbili, wanawake wakapiga vigelegele, Sadrack akajipangusa machozi ya mjomba. Hadassa alitoka na vitenge vyake, akamtazama Phinées kwa namna ambayo ilimfanya aamue, kwa moyo wote, kuwa mtu mwema kuanzia Jumatatu ijayo.

"Sasa muziki!" alisema msemaji.

Nyuma ya nyumba jenereta ikanguruma. Phinées alikuwa anatabasamu, na tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka. Mlio ule aliusikiliza saa nzima Jumanne na saa tatu na robo Jumatano. Aliujua kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake.

Papa Maliro naye aligeuza kichwa. "Iyo ni groupe yangu! Mukwe, uliirudisha lini?"

"Kaa, kaka," ilisema sauti moja, na Phinées akatamani ardhi ya Butembo ifunguke. Mwanamke mnene wa makamo alisimama katikati ya ua na karatasi mkononi. "Kwa wenye hawanijue, miye ni Virginie wa Alimbongo, dada mukubwa wa Maliro. Siku bwana harusi alikuja kujionesha, nilikuwa kwa mavuno ya viazi. Hatukuonana. Mais tumepika maharagwe pamoja."

Katika majina mia tatu, enjinia wetu alimtafuta baba, akatafuta kaka, akasahau shangazi. Kijana wa kwetu anayeoa na kumsahau dada wa baba wa msichana, ambaye bila yeye hakuna mahari inayopokewa, amesahau mlango wa nyumba.

Shangazi Virginie alieleza bila haraka. Mpini wa jenereta ile ulikatika mwaka uliopita, na ni yeye aliyelipa uungwe kule Kayna, kwa chuma chekundu. Alipouona mpini huo kwenye simu, ukiuzwa na "mwenyewe anayesafiri", aliamua kununua. Kisha akasoma acte de vente kwa sauti, pamoja na jina la shahidi. Aliposhusha karatasi, mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshakumbuka shughuli nyingine, na alikuwa anaielekea kwa kupitia juu ya ukuta.

"Na mbuzi?" aliuliza msemaji.

"Mbuzi ni zangu. Zilikuja kutembea. Kesho zinarudi Alimbongo." Akamgeukia Phinées. "Groupe imerudi kwa mwenyewe, mbuzi imerudi kwa mwenyewe. Weye umeleta nini?"

Muziki uliendelea, na jenereta ilipita dakika kumi na moja, ikapita ishirini. Papa Maliro alikuwa anaisikiliza.

"Nani alitengeneza?" aliuliza.

"Ni miye, papa."

"Peke yako?"

"Peke yake," alisema Shangazi Virginie, kwa kinyongo. "Hiyo tu ndiyo hakudanganya. Nilimulinda mpaka maharagwe ikaiva."

Wazee waliingia ndani kushauriana, kama desturi, na walikaa muda wa kutosha kumfanya Phinées aloweshe shati kwa jasho. Walipotoka, msemaji alikohoa. "Familia imeona hivi. Kazi ya kutengeneza groupe, fundi wane walishindwa, tunaihesabu mbuzi moja. Uongo, amende ya kulipa ni mbuzi moja. Donc mahari ingali kumi na mbili. Binti tunamulinda hapa mpaka siku utaleta. Na mutaa huu iko na groupe tisa zenye zilikufa."

Watu walianza kurudisha viti. Hadassa alikuja akasimama mbele yake, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira.

"Ulikuwa unaweza kuitengeneza tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Na ukachagua kuiuzisha."

"Nilikuwa naogopa kukukosa. Nakupenda, Hadassa. Sikujua njia ingine."

"Ungekuja na groupe, useme tu: papa, imepona, miye niko mufundi, mbuzi nitaleta sita. Baba angekupokea. Sita!"

"Mbuzi ine," alisema Papa Maliro, ambaye alikuwa amechuchumaa kando ya jenereta yake akiipapasa.

Phinées alimgeukia.

"Hata tatu," alisema mzee, bila kuinua kichwa.

Phinées akavua koti la suti, akalikunja vizuri kwa sababu halikuwa lake, akauliza jirani wa kwanza mwenye jenereta iliyokufa anakaa wapi.